Tutafikaje Baharini?

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa Singida, na Singida haina bahari. Nalisema hili mapema ili usije ukashangaa mbele ya safari. Kutoka mjini kwetu hadi ufukwe wa Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 700. Tulicho nacho sisi ni maziwa mawili, Singidani na Kindai, yenye maji ya chumvi, mawe makubwa kando yake, na heroe ambao msimu wakija ukingo wa maji hugeuka rangi ya waridi. Tuna upepo pia. Upepo wa Singida haumbembelezi mtu.

Sasa, katika mji huu usio na bahari, alirudi rafiki yangu mmoja kutoka masomoni Dar akiwa na ubao begani. Si ubao wa darasani wala wa kukatia nyama. Ni ule mrefu wa kuteleza juu ya mawimbi, wa mtumba, alioununua kwa fedha za kujinyima chakula cha mchana muhula mzima. Tangu siku ile jina alilopewa na wazazi wake tumelisahau. Tunamwita Mwenye Ubao. Jumamosi moja aliupeleka Singidani, nasi tukamfuata. Upepo ulikuwepo wa kutosha, lakini wimbi lililokuja halikumfika hata gotini. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye akabaki amesimama kwenye maji yale, ubao kwapani, akasema, "Jamani, huu ubao hapa unakufa. Lazima twende baharini."

Twende. Tulikuwa vijana wanne, na watatu kati yetu hatukuwahi kuiona bahari ila kwenye televisheni. Tukakubaliana palepale. Ugomvi ulianza kesho yake, kijiweni, pale mmoja wetu alipouliza swali ambalo lilionekana dogo: tutafikaje?

Mwenye Ubao alitaka tukodi Noah. Alikuwa na hoja nzito. Ubao ni mrefu, unafungwa juu ya gari, tunaondoka saa tutakayo, tunasimama tupendapo, tunafika mpaka mchangani. Na kondakta wa basi, alipouona ubao ule stendi, alikuwa ameshatoa hukumu yake: "Huyu naye abiria, mkatieni tiketi." Wa pili akasema twende kwa basi hadi Dodoma, halafu tupande treni ya umeme hadi Dar. Wa tatu, ambaye husoma sana na kucheka kidogo, akasema kama kweli tunaipenda bahari, basi tusiende kabisa. Bahari inaumizwa na moshi wa magari. Mpenzi wa kweli atakaa nyumbani asiiumize.

Hebu tulitazame swali hili kwa makini, kwa sababu haliwahusu wenye mbao peke yao. Linamhusu kila anayesafiri kwenda kukipenda kitu: anayekwenda Serengeti kuona nyumbu, anayepanda Kilimanjaro kuiona theluji kabla haijaisha. Je, inawezekana mtu akakipenda kitu na wakati huohuo akakidhuru kwa njia anayokiendea? Na kama inawezekana, ana wajibu gani?

Nilimpelekea Babu swali hilo kijijini. Sikulipamba. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kigoda. Nikamwambia tunataka kwenda baharini.

"Kuchukua nini?" akauliza.

"Hatuchukui kitu, Babu. Tunakwenda kucheza."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba baba yake naye aliiona bahari, Tanga, alipokwenda kukata mkonge. Alikwenda kwa sababu ya kodi ya kichwa. Alikaa huko miaka, akarudi na blanketi moja na kikohozi. "Yeye bahari aliiona kwa kulipishwa," Babu akasema. "Nyinyi mnaiona kwa kucheza. Si vibaya. Mungu kawajalia. Lakini kama ni mchezo, angalieni msimlipishe mtu ambaye hachezi."

Nimetafuta vitabuni neno zuri kupita hilo, sijaliona. Mchezo usimlipishe asiyecheza. Maandishi haya yote ni kujaribu kulielewa.

Tuanze na njia zenyewe. Watu wa kwanza kutoka upande huu wa nchi kwenda pwani kwa wingi walikwenda kwa miguu. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, ilikatiza kusini mwa mkoa wetu wa leo, kwenye vichaka vya upande wa Itigi na Manyoni, mahali palipoitwa Mgunda Mkali kwa sababu ya ukame na njaa yake. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, lakini wao walikuwa wageni katika njia ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliijua kama ua wa nyumba zao. Mpagazi alibeba kilo 30 na zaidi, miezi miwili hadi mitatu, mpaka aione bahari.

Ukipima kwa moshi tu, hakuna safari iliyokuwa safi kuliko ile. Haikuchoma hata tone la mafuta. Lakini mabegani mwa wale watu mlikuwa na pembe za ndovu, na katika baadhi ya misafara walikuwemo watu waliofungwa minyororo. Njia ilikuwa safi, mzigo ulikuwa mchafu. Kwa hiyo, kijana mwenzangu, tusidanganyike kwamba aendaye kwa miguu ndiye mwema na aendaye kwa gari ndiye mbaya. Moshi ni sehemu moja ya hesabu. Swali la Babu ni pana kuliko moshi: nani analipa?

Hata hivyo moshi una hesabu yake, na haifai kuikimbia. Chukua karatasi. Gari kama lile alilotaka Mwenye Ubao hula lita 10 hivi kwa kilomita 100. Kwa kilomita 700 ni lita 70. Tukiwa wanne, kila mmoja amechoma lita 17 na nusu. Basi kubwa linakunywa zaidi, tuseme lita 35 kwa kilomita 100, yaani lita 245 mpaka Dar. Lakini ndani yake mna watu hamsini na zaidi. Gawanya. Hazifiki lita 5 kwa mtu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa zaidi ya kilo 2 za hewa ya ukaa, na dizeli huzidi kidogo. Kwenye Noah kila mmoja wetu angeacha angani kilo 40 hivi. Kwenye basi, kilo 13 hivi. Basi lilelile tunalolitukana kila siku kwa kujaza na kwa miziki yake, kumbe ndilo linalotuhurumia.

Kinachofanya tofauti si ubora wa injini. Ni kukaa pamoja. Mtu aliyebanwa na gunia la jirani upande huu na mtoto wa watu upande ule, huyo ndiye msafiri msafi wa nchi hii, ingawa hajui na hakuna anayempongeza.

Hapo nasikia sauti ya msomaji: "Bwana wee, tuache utani. Sisi Watanzania tunatoa moshi kiasi gani? Bara zima la Afrika halifikishi asilimia 5 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani. Waache kwanza wenye viwanda na ndege." Hoja hii ni ya haki, na mimi mwenyewe nimeitumia mara nyingi kijiweni.

Itazame basi kutoka Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Huko kuna upepo mzuri na maji ya kina kifupi, na watu hutoka Ulaya kuja kuteleza juu ya maji kwa ubao huku wakivutwa na kishada kikubwa angani. Kutoka Ulaya ya kati hadi Unguja ni kilomita zipatazo 7,000. Kwa kwenda na kurudi, abiria mmoja wa ndege huwajibika kwa tani moja ya hewa ya ukaa au zaidi. Kwa hesabu yetu ya basi, hizo ni safari karibu arobaini za Singida–Dar, kwenda na kurudi. Akifika, yule mgeni hukataa mrija wa plastiki kwenye dafu lake. Simcheki. Mrija nao ni uchafu. Ila nashangaa jinsi binadamu tulivyo hodari wa kuhesabu kilicho mkononi na kusahau kilichotufikisha.

Katika maji yaleyale ya Paje, maji yakikupwa, wanainama akina mama wanaolima mwani. Kilimo hicho kilianza pale Paje na Jambiani mwaka 1989, na kwa wengi wao ndiyo ilikuwa fedha yao ya kwanza ya mkononi isiyotoka kwa mume. Kuna mwani wa aina mbili: mmoja wa bei nzuri, unaoitwa kottonii, na mwingine wa bei ndogo, spinosamu. Ule wa bei nzuri haustahimili maji ya moto. Bahari ilivyozidi kupata joto, ukaanza kuoza na kufa kwenye kamba. Wengi wakabaki na ule wa bei ndogo, na baadhi wakalazimika kufuata maji ya kina kirefu zaidi, ilhali wengi wao hawajui kuogelea.

Mwanamke huyo hajapanda ndege. Pengine hana hata baiskeli. Hajawahi kuteleza juu ya wimbi lolote. Lakini ankara ya joto la bahari imeletwa kwake. Matumbawe nayo yalipauka vibaya mwaka 1998, bahari yetu ilipopata joto kupita kiasi, na yamepauka tena miaka ya karibuni. Na tumbawe likifa, samaki wa mvuvi mdogo hana nyumba. Huyo ndiye asiyecheza, na ndiye anayelipishwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni methali ya kweli, na Paje watu wengi wanakula kwa sababu ya wageni. Sitaki wageni wasije. Nauliza tu: ikiwa namna ya kuja kwa mgeni ndiyo inayomwuguza mwenyeji, methali yetu itabaki na maana gani?

Sasa rudi Singida. Je, mama wa mwani akitutazama sisi vijana wanne na Noah yetu ya kukodi, atasema, "Hao ni maskini wenzangu, moshi wao haunidhuru"? Nadhani bahari haina daftari la majina. Haba na haba hujaza kibaba: tumefundishwa methali hii kwa ajili ya akiba, lakini moshi nao huweka akiba. Ni kweli deni la wenye ndege ni kubwa mara nyingi kuliko letu, nao walipe kwanza, na walipe zaidi. Lakini ukubwa wa deni la jirani haujapata kufuta deni la mtu yeyote. Hata dukani kwa mangi haiko hivyo.

Lipo jambo jingine, na hili ni chungu. Sisi tumekuwa wasafi kwa kukosa. Ukiniona natembea kutoka Mandewa mpaka stendi, usiniite mpenda mazingira, sina nauli. Wema wa mtu asiye na chaguo si wema bado, ni hali tu. Mtihani wetu haujafika. Utafika siku Mwenye Ubao atakapopata kazi na mkopo wa gari. Siku hiyo ndipo tutajua kama aliipenda bahari au aliupenda ubao. Ndiyo maana nasema tulizungumze sasa, tungali kwenye basi, kabla hatujapata sababu za kujitetea.

Na yule rafiki yetu aliyesema tusiende kabisa? Nilimheshimu, lakini sikukubaliana naye. Mtu wa bara asiyeiona bahari hataililia. Atasikia mwani umekufa kama anavyosikia habari za vita vya mbali. Baba yake Babu aliiona bahari akiwa mtumwa wa kodi, akaisimulia mpaka kufa kwake. Sisi watu wa bara tuna haki ya kuiona bahari ya nchi yetu, na hata ya kucheza nayo. Kumwambia kijana wa Singida abaki Singida, wakati wengine wanavuka mabara kuja kucheza, ni kumnyang'anya maskini kidogo alichobakiwa nacho kisha kukiita kitendo hicho uadilifu.

Kwa hiyo tukaenda, na tukaenda kwa basi na treni. Ubao tulifanyaje? Nilimpata dereva wa lori la vitunguu, kwani vitunguu vya Singida huenda Dar kila wiki, na lori lile lingekwenda na ubao au bila ubao. Akauweka juu ya magunia kwa fedha ndogo. Mzigo ukapanda na mizigo, watu tukapanda na watu. Naona ajabu kwamba wazo jepesi namna hiyo lilitugharimu siku nne za kugombana.

Basi likatupitisha Ikungi na Manyoni, likateremka ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Bahi, tukafika Dodoma. Huko tukapanda treni. Abiria wa Dar na Dodoma walianza kuitumia Julai 2024. Inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Njia iliyokuwa ikila saa nane au tisa kwa basi ikaisha kwa saa nne hivi. Reli yenyewe imeshaingia mkoani kwetu, Makutupora, wilayani Manyoni. Nilikaa dirishani nikatazama milima ya Morogoro, hakuna moshi, hakuna kelele, nikajisikia mwema.

Rafiki yangu msomaji wa vitabu hakuniacha nifaidi. "Umeme huu unatoka wapi?" akaniuliza. Nikamjibu: mwingine gesi ya kusini, mwingine maji. Akasema, "Maji yapi?" Nami nikanyamaza, maana nilijua. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, limejengwa kwenye Mto Rufiji, ndani ya eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo UNESCO ililiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1982. Mto huohuo chini yake una delta yenye mikoko na kamba, na watu wanaoishi kwa kutegemea namna maji yanavyopanda na kushuka. Hata treni ina mtu wake wa kulipa. Tuliyemdhani hayupo, yuko Rufiji.

Je, basi tukate tamaa tuseme njia zote ni sawa? La hasha. Mtu anayedaiwa mia si sawa na anayedaiwa elfu, ingawa wote wanadaiwa. Tofauti ni hii: bwawa linawasha taa za hospitali, mashine za kusaga, na treni ya watu mamia, na anayelipa Rufiji anaweza, taifa likiwa na haki, kulipwa naye. Noah yetu ingetuchukua sisi wanne na ubao. Gharama inayogawanywa kwa wengi, na kwa ajili ya wengi, ina sura nyingine kabisa na gharama ninayoitupa mimi peke yangu dirishani. Lakini nilichojifunza ni kutojisikia mwema haraka.

Dar tuliuchukua ubao wetu sokoni, unanuka vitunguu. Daladala ya kwanza ilitukataa, ya pili ikacheka. Tukaubeba kichwani, wawili wawili kwa zamu, mwendo wa saa nzima na zaidi, jua la Dar likitupiga utosini. Njiani nikawakumbuka wapagazi wa Mgunda Mkali. Sisi nasi tulikuwa watu wa bara tunaopeleka mzigo pwani kwa kichwa, ila hatukuwa na mnyapara, na mzigo wetu ulikuwa wa kuchezea.

Sitakuchosha kwa habari za bahari, wengi wenu mnaishi nayo. Nitasema tu kwamba nilisimama nayo ikanifika magotini nikashindwa kuongea, na Mwenye Ubao, kwa mara ya kwanza tangu arudi Singida, hakuchekesha mtu. Alisimama juu ya wimbi kwa muda wa kuhesabu mpaka sita. Mimi nilianguka mara zote.

Siku ya tatu ulikuja ugomvi wa kweli. Tunaurudishaje ubao? Nami nikasema neno ambalo nusura livunje urafiki. Nikasema tuuache.

"Nimeununua kwa njaa yangu," akasema Mwenye Ubao. Na ni kweli. Nani mimi, ambaye sikununua hata nta ya kuupaka, nimwambie mwenzangu aache mali yake? Lakini fikiri nami. Ubao huu umetengenezwa kwa povu la plastiki na gundi ya viwandani, vitu vitokanavyo na mafuta ya petroli. Watu wa Hawaii, waliokuwa mabingwa wa mchezo huu karne nyingi kabla ya plastiki, walitumia mbao za miti yao. Wa kwetu umeshachoma mafuta kabla ya kuzaliwa. Ukirudi Singida utakaa nyuma ya mlango miezi kumi na moja, kisha utadai gari, kwa sababu yake ndiyo tuligombana siku nne. Ni ubao uliokuwa unataka Noah, watu tungeenea popote. Palepale ufukweni walikuwepo vijana wa pwani, wanashona nyavu, na watoto wao wanateleza kwa vipande vya mbao za masanduku. Wimbi wanalo kila siku. Ubao hawana.

Hapo nikaona kwamba swali letu la tutafikaje baharini lilikuwa limejificha ndani ya swali jingine: lazima kila mtu awe na chake, akibebe kila aendako? Magari mengi barabarani yamewabeba watu pamoja na vitu vyao ambavyo vingeweza kukaa kule vinakotumika, vikasubiri mikono ya wengine. Tukiweza kushirikiana basi, kwa nini tusiweze kushirikiana ubao?

Mwenye Ubao hakunijibu siku ile. Alikwenda akakaa peke yake kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Asubuhi akawaita wale vijana, akawafundisha namna ya kuulaza ubao kivulini usipasuke, akawaambia, "Nikija, ni wangu. Nisipokuwepo, ni wa wimbi." Kisha akageuka, na hakuongea mpaka Morogoro.

Ningependa kumalizia hapo, lakini ningekudanganya. Tulishuka Dodoma usiku, tumechoka, mwenzetu mmoja ana homa. Basi lenye nafasi tuliambiwa ni asubuhi. Nje ya stendi alikuwepo mtu mwenye gari dogo. Tukatazamana. Tukakodi. Kilomita 240, watu wanne, madirisha yamefungwa, tumelala fofofo. Mimi, mwenye hesabu za lita, nilikuwa wa kwanza kuingia. Yule mgonjwa alihitaji gari, sawa. Sisi watatu tulihitaji kitanda tu. Mpaka leo sijui mstari ungepita wapi. Lakini najua kwamba mwezi mmoja kabla nisingeuliza, na nadhani kuuliza nako ni mwanzo wa kulipa. Asiyeuliza hulipa kwa mfuko wa mwingine siku zote, na usingizi wake huwa mtamu.

Wiki iliyopita Mwenye Ubao alinionyesha simu yake, tuko pale Singidani, upepo umechachamaa. Kuna picha imetoka pwani. Mtoto wa miaka kumi hivi amesimama juu ya ubao wetu, mikono ameitanua, nyuma yake bahari. Nikamtazama rafiki yangu usoni nione kama anajuta. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, kana kwamba picha ile inatembea.

"Huyu," akasema, "kanipita. Huyu anafika mpaka kumi."

Nilipomsimulia Babu, hakusema kitu kuhusu ubao. Aliuliza kama yule mtoto naye hulipishwa. Nikamwambia hapana, anacheza bure. Akacheka, akaomba maji ya kunywa.